Funguo Kwenye Friji

Masikio hakuwa na masikio makubwa. Yalikuwa madogo, yamelala kichwani, na mtu aliyelisikia jina hilo kabla ya kumwona alimtazama upande huu na upande ule kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Jina lilitoka kazini. Katika kampuni ndogo ya kurekodi video alikoajiriwa, mwenzake alishika kamera na yeye alishika sauti, na kila mmoja wao aliamini kimoyomoyo kwamba mwingine anamsindikiza tu.

Aliyesifiwa siku zote alikuwa mwenye kamera. Picha ikipendeza, watu husema picha imependeza. Sauti ikiwa safi, hakuna anayesema neno. Ikiharibika, hata aliyeitwa kuosha vyombo atakuwa na la kusema. Sauti ni kama chumvi, hutajwa siku isipokuwepo. Masikio alikwisha kuyakubali hayo. Alichoshindwa kukubali ni kelele.

Ule ulikuwa ugonjwa, tuseme ukweli. Mtu mwingine akiingia chumbani huona viti. Yeye alisikia taa inayovuma, feni iliyolegea skrubu, na saa ya ukutani inayokwenda kwa kuchechemea. Hakuweza kumeza tonge mpaka taa ya mezani izimwe, kwa hiyo familia yake ilizoea kula kwa kupapasa. Kabla ya kuondoka mahali popote, hata msibani, alisimama kimya akakisikiliza chumba, kwa mazoea tu ya kazi, na waliomwona walidhani anaomba dua wakamsifu kwa uchaji wake.

Kazini lakini ugonjwa huo ulikuwa baraka. Mlio ukizuka kwenye mitambo, wengine walianza kupigapiga mashine na kulaumu umeme. Masikio alikuwa na msemo wake: anza mdomoni, maliza sikioni. Anza na mdomo wa msemaji, nenda kwenye maiki, fuata waya, ingia kwenye mashine, tokea kwenye hedifoni. Na ubadilishe kitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha viwili kwa pamoja na mlio ukakatika, hutamjua mwizi ni nani. Imani hiyo haikuwahi kumwangusha mpaka alipoipeleka ukweni.

Ukweni kwenyewe alikuwa ameshaharibu zamani. Siku ya harusi yake, mama mkwe alisimama kutoa nasaha, akashika maiki, na spika zikapiga mluzi. Bwana harusi mwenye akili angetabasamu akavumilia. Masikio aliacha kiti, akamwacha bibi harusi ameshika ua, akaingia chini ya meza kuu na suti yake mpya akiufuata waya kwa viganja. Alipotokea upande wa pili ana utando wa buibui kichwani, mlio ameutibu, alikuta nasaha zimekwisha. Mama mkwe alikuwa ameiweka maiki mezani na kusema bila hiyo, na watu waliokuwa wakipita barabarani walisikia kila neno.

Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Kengele ya shule yake ilipoibwa, wazazi walitaka kuchanga wanunue nyingine, akawaambia watumie fedha zao kwa jambo la maana. Tangu hapo watoto waliingia madarasani na kutoka kwa sauti yake peke yake, na jina la Mwalimu Kengele likamganda. Alistaafu yeye, sauti haikustaafu. Mama huyo alimwita mkwewe Fundi. Hakuwahi kumwita mwanangu wala baba, alimwita Fundi tu, kwa namna ile ambayo mtu humwita aliyekuja kuzibua sinki.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mwalimu Kengele alilaumu vumbi, akalaumu maji ya baridi, akanunua pipi za koo za kila rangi. Mwishowe daktari akaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti, akasema lazima utolewe. Kuhusu sauti yenyewe hakutaka kuahidi. Huenda ikarudi kama ilivyokuwa, huenda ikarudi nyingine, na huenda isirudi.

Mkewe Masikio alikuja na habari hiyo, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

"Nataka sauti ya mama," alisema. "Picha zake ninazo. Nataka sauti, niwe nayo mimi na watoto, kabla hawajamkata."

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwomba mumewe kitu chochote cha kazi yake. Ukweli ni kwamba tangu ile meza ya harusi aliionea haya kidogo kazi hiyo, hasa mbele ya mama. Masikio aliposikia ombi hilo moyo ulimpanda. Akasema atairekodi, na itakuwa safi kuliko sauti yoyote aliyowahi kuirekodi.

Siku iliyopatikana ilikuwa ileile ambayo Mwalimu Kengele alitakiwa kwenda kulazwa alasiri, apasuliwe kesho yake. Mwenye kamera alikuwa na kazi kwingine, akamkabidhi mwenzake kamera ya akiba pamoja na gari la kampuni. Maelekezo yalikuwa mafupi. Kitufe ni hiki, unabonyeza mara moja kuanza, unabonyeza tena kusimamisha. "Hata wewe utaweza," akamalizia, na Masikio aliudhika na hilo neno "hata" mpaka akasahau kusikiliza mengine. Jambo moja alilijua bila kuambiwa. Taa nyekundu ya kamera hiyo, ile inayoonyesha kwamba inarekodi, ilikuwa imebandikwa tepu nyeusi. Mwenye kamera alizibandika zote, kwa sababu watu wakiiona taa inawaka hukauka midomo.

Sebule ya Mwalimu Kengele ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, vyeti vyake ukutani kwa mpangilio wa miaka, na kabati la vyombo ambavyo havikuwahi kupakuliwa chakula. Mwenyewe aliketi katikati, kilemba kimesimama, miwani puani, mkononi hotuba aliyoiandika kwa wino wa bluu. Wajukuu walikuwa uani na mpira wao. Masikio alipanga kamera, akaifungua skrini yake ya pembeni, na mama mkwe akajiona humo. Akaanza kurekebisha kilemba. Akakirekebisha tena. Masikio akaona hawatafika popote, akaifunga skrini.

Tatizo la kwanza lilikuwa maiki. Ilikuwa ndogo, ya kubanwa kwenye nguo, waya wake ukiishia kwenye kisanduku cha kiunoni kinachorusha sauti hewani mpaka kwenye kamera, na mahali pake ni kifuani. Sasa mkwe atamsogeleaje mama mkwe mpaka hapo? Masikio alibonyeza kitufe ili ajaribu, akageukia ukuta, akakaza macho kwenye cheti cha mafunzo ya ualimu, na kumwelekeza mkewe kwa kufuata hedifoni: juu kidogo, kushoto, usiiguse shingo, hapo. Mama mkwe aliuliza kama Fundi anarekodi au anatahiniwa.

Maiki ilipotulia, akasikia mngurumo. Na hapo ndipo kitufe alichokwisha kukibonyeza kilipomtoka akilini. Msomaji alishike hilo, kwa sababu mwenzetu hakulishika.

Mngurumo ulikuwa wa chini, wa kudumu. Masikio alianza mdomoni. Akamwomba mama aseme lolote, mama akasema hana la kusema kwa ukuta. Mdomo ulikuwa mzima. Akabadilisha waya wa maiki, mngurumo upo. Akaichomoa kamera kwenye umeme akaiacha itumie betri, na nusu ya mngurumo ikaondoka, maana ilikuwa inaletwa na chaja. Nusu iliyobaki akaifuata kwa miguu, hedifoni ameivua, shingo mbele, mpaka jikoni. Ilikuwa friji.

Friji aliizima. Halafu akafanya kile ambacho watu wengi wa kazi yake hufanya na hakuna anayemweleza mtu wa nje. Alitoa funguo za gari mfukoni akaziweka ndani ya friji, juu ya kifuniko cha sufuria ya maharage. Mantiki yake ni nzuri sana. Fundi wa sauti akizima friji ya watu, kazi ikiisha hufunga mitambo na kujiendea, na nyama za watu zinaoza. Lakini funguo zikiwa humo hawezi kuondoka. Atafungua friji, atakuta giza, atakumbuka kuiwasha. Katika kazi yake yote mtego huo haukuwahi kumwacha aibike, kwa sababu siku zote nyumba zilikuwa za watu wasiotembea jikoni mwao bila ruhusa yake.

Aliporudi sebuleni alisikia mchakacho. Kila mama alipovuta pumzi, kitu kilichakacha. Hakikuwa kitambaa, kitambaa angekijua. Ilikuwa karatasi ya nailoni, na ilitoka mahali ambapo mkwe hana ruhusa hata ya kupataja. Alijaribu kumwambia mkewe kwa macho. Akajaribu kusema kuna kitu kinachakacha katika maeneo ya juu. Mkewe akaangalia dari.

"Sema tu ni pipi zangu," alisema Mwalimu Kengele, akaingiza mkono kifuani na kutoa pipi za koo, moja baada ya nyingine, akizipanga mezani. Zilikuwa nyingi kuliko mtu angetegemea. Alieleza kwamba amezaa, amefundisha na amezika, na haoni kwa nini mtu mzima ateseke hivyo kwa ajili ya pipi.

Ikabaki sauti moja, mtetemo wa mbali, na huo ulikuwa pampu ya maji ya jirani nyuma ya ukuta. Masikio alitaka kwenda kugonga mlango. Mama mkwe hakumsubiri. Daktari alikuwa amemwagiza apumzishe koo. Alinyanyuka akafika dirishani na maiki yake kifuani, akavuta hewa.

"Jirani. Zima pampu, narekodiwa."

Pampu ikazima. Na redio ya dukani ikazima. Na mtu mmoja ambaye hawakuwahi kumjua, aliyekuwa akigonga bati upande wa pili wa barabara, naye akaacha. Mwalimu Kengele akiwa bado dirishani akaamua kuwatia ndani na wajukuu. "Nyie wa mpira. Ndani. Naweni mikono kabla ya kugusa kitu." Mpira uliangushwa hapohapo. Waliingia kwa mstari, wakanawa, wakaketi sakafuni. Kisha mama akasema koo limemkauka, Masikio akavua hedifoni kwa heshima asimsikilize mkwe anavyomeza, na mama akaenda jikoni mwenyewe kunywa maji, akakawia kidogo, akarudi na uso wa mtu aliyethibitisha jambo alilolishuku siku nyingi.

Sasa kulikuwa kimya. Masikio alisikiliza kila pembe ya hedifoni na hakuona hata unywele. "Mama, sasa," akasema, akabonyeza kitufe kuanza.

Hotuba ilikuwa ndefu. Ilianza kwa kuwasalimu wajukuu kwa vyeo vyao, ikaenda kwenye umuhimu wa elimu, nidhamu, usafi wa kucha, ikarudi kwenye elimu. Aliisoma kama anayesomea wakaguzi. Mtoto mdogo alilala. Lakini Masikio machozi yalimlengalenga, na si kwa maneno. Sauti ilikuwa safi. Mikwaruzo ya ugonjwa ilisikika humo vizuri, na chini yake ilisikika ile sauti ya zamani, nene, imesimama. Mama alipomaliza, Masikio aliwaomba wote wanyamaze kidogo ili arekodi ukimya wa chumba, ule wa kuzibia mapengo wakati wa kuhariri, mama mkwe akanyamaza kwa adabu ambayo hakuwahi kumpa. Kisha akabonyeza kitufe kusimamisha, akavua hedifoni. Alijisikia ameoa upya.

Furaha hiyo ilimfikisha kwenye friji. Aliifungua, giza, vizuri. Akapapasa juu ya sufuria. Hakuna. Chini ya sufuria, ndani ya maharage, nyuma ya maziwa, kwenye droo ya mboga. Hakuna. Mtu mwingine angeuliza. Lakini hebu jiweke mahali pake: unamwendea mama mkwe wa namna ile, saa ya kwenda hospitali, unamwambia nini? Kwamba uliziweka funguo kwenye friji? Masikio aliona heri apotee yeye. Alizunguka jikoni mpaka mkewe akamwita mara ya tatu, kisha akatoka na kutangaza kwamba gari lina tatizo la betri, wachukue teksi. Mama mkwe alimtazama kwa huruma, jambo ambalo lilimtisha kuliko kugombwa. Waliondoka kwa haraka. Friji ilibaki imezimwa, maana kitu pekee cha kumkumbusha kilikuwa ni funguo.

Asubuhi ya upasuaji mkewe alikuwa hospitalini, na Masikio alirudi kwenye ile nyumba kutafuta tena. Mlango wa jikoni ulimpokea kwa harufu. Aliiwasha friji, akatupa vya kutupwa, akafuta, akapekua mpaka kwenye vumbi la nyuma ya jiko. Alipochoka alikaa kwenye kigoda, akaunganisha hedifoni kwenye kamera ili aipoze roho yake kwa ile sauti safi.

Akausikia mngurumo. Akashangaa, kwa sababu mngurumo aliutoa kabla hajaanza. Akajisikia mwenyewe akielekeza juu kidogo, kushoto. Akasikia pipi. Akasikia pampu na dirisha na wajukuu, halafu hatua za mama mkwe kuelekea jikoni, mlango wa friji, na sauti yake akizungumza peke yake.

"Ee Mungu. Ameweka funguo kwenye friji. Ndiyo maana mwanangu anakonda. Haya, nitazihifadhi, nitampa mbele za watu apate akili." Ikafuata zipu ya mkoba.

Masikio alicheka peke yake mpaka akashika meza. Alikwisha kusimama aende, ila akataka kwanza aisikie hotuba inavyoanza. Akasikia sauti yake ikisema, "Mama, sasa." Na palepale, bila hata mapumziko, akasikia vyombo vikisogezwa na mtoto akiamshwa.

Hotuba haikuwepo.

Alirudisha nyuma. Akarudisha tena. Aliyajua yote kwa mpigo mmoja, lakini vidole vilikataa. Kitufe alikibonyeza kujaribu, hakukibonyeza kusimamisha. Alipokibonyeza kuanza, kikasimamisha. Alipokibonyeza kusimamisha, kikaanza. Taa imebandikwa tepu, skrini ameifunga, na hedifoni husikilizisha kila kitu hata kamera ikiwa imelala. Alichunguza njia yote kutoka mdomoni mpaka sikioni, na kitufe hakikai kwenye njia hiyo. Alipiga simu hospitalini. Mkewe alisema wameshamwingiza mama chumba cha upasuaji.

Masikio alilia. Alilia kwa sababu aliombwa kitu kimoja katika ndoa nzima. Na mashine, kwa kuwa hakuna aliyeizima, iliendelea kumsomea yaliyobaki. Ilikuwa sebule baada ya hotuba, wakati yeye yupo jikoni anapapasa maharage na maiki bado imebanwa kifuani mwa mama.

Mwalimu Kengele alikuwa akimwambia binti yake kwamba anaogopa. Alisema kwa sauti ambayo mkwewe hakuwahi kuijua, ndogo, haina darasa ndani yake. Alisema kufa haogopi sana, anaogopa kuita halafu asisikiwe. Halafu akasema, "Mume wako ni wa ajabu. Lakini nimemwangalia leo anavyoutafuta ule mlio. Baba yako nilikuwa nalia chumba cha pili na alikuwa hasikii. Huyu atakusikia." Binti alivuta kamasi. Halafu mama akasema anataka pipi zake.

Masikio hakuvua hedifoni mpaka betri ilipokwisha.

Hospitalini alimkuta mkewe kwenye benchi la korido, mkoba wa mama mapajani. Upasuaji ulikuwa umekwenda vizuri. Mkewe aliegemea bega lake, akasema daktari bado hajui lolote kuhusu sauti, lakini angalau ile waliyoirekodi wanayo. Masikio akaomba mkoba, akafungua zipu, akatoa funguo, na mkewe akamtazama lakini alikuwa amechoka mno kuuliza.

Mwalimu Kengele alirudi nyumbani na amri ya kutotamka neno, hata kunong'ona, mpaka daktari aseme. Wote walidhani wataonja amani. Lakini kwenye stoo kulikuwa na kibao cheusi kidogo na chaki za enzi zake, na siku ya kwanza tu watu wa nyumba hiyo waligundua kwamba alikuwa akigomba vizuri zaidi kwa maandishi, kwa sababu maneno aliyapigia mistari. Alimwandikia binti yake kwamba friji inanuka. Alimwandikia muuguzi kwamba amekosea tarehe. Siku alipojisikia ana nguvu alikaa pale pale katikati ya sebule, akaandika, akakigeuzia kibao kwa mkwewe: NIWEKEE HOTUBA YANGU.

Mkewe alisogeza kiti karibu, amejiandaa na leso. Wajukuu walikuwa nje na mpira. Masikio alisimama mbele yao, spika mkononi, na safari hii hakukuwa na meza ya kuingia chini yake.

"Mama, hotuba haipo," alisema. "Kitufe nilikibonyeza vibaya. Nilirekodi yasiyotakiwa, yaliyotakiwa sikuyarekodi. Kosa ni langu, si la mashine."

Kimya kilichofuata kilikuwa safi kabisa, hata yeye hangekipatia dosari. Mkewe aliishusha leso. Masikio angependa kutukanwa kuliko kumwona anavyoikunja ile leso. Mwalimu Kengele alifuta kibao taratibu kwa kiganja, akaandika: SASA ULIREKODI NINI?

Aliunganisha spika. Sebule ikajaa mngurumo, halafu sauti yake akielekeza maiki, halafu Mwalimu Kengele mwenyewe akiuliza kama anarekodi au anatahiniwa. Mkewe aliinua kichwa. Zikaja pipi, na maelezo ya pipi. Mama alikuwa ameketi kibao magotini, haonyeshi kitu usoni, anasikiliza kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Ikaja pampu. "Jirani. Zima pampu, narekodiwa." Nyuma ya ukuta, palepale, pampu ya kweli ikazima.

Mkewe Masikio aliachia kicheko chenye machozi. Na kabla hakijaisha spika ikasema:

"Nyie wa mpira. Ndani. Naweni mikono kabla ya kugusa kitu."

Nje, mpira ukaanguka. Zikasikika kandambili zinakimbia. Mlango ukafunguka, wajukuu wakaingia kwa mstari, wakapita moja kwa moja kwenye sinki, wakanawa mpaka kwenye viwiko, wakaja kusimama mbele ya bibi yao mikono ikidondosha maji.

"Tumenawa, Bibi," alisema mkubwa wao. Mdogo alikodoa macho kwenye koo lenye bandeji. "Bibi umepona?"

Kucheka kulikuwa kumekatazwa pia. Mwalimu Kengele alicheka kwa mabega, mdomo umefungwa, machozi yakimtiririka mpaka kwenye bandeji, na kwa mkono mmoja ameshika wa binti yake asiuachie. Alipoweza kushika chaki, aliandika neno moja ambalo darasa lake lote la zamani lingelitambua, akaligeuzia upande wa mkwewe.

RUDIA.

Alirudia. Alirudia siku ile mpaka wajukuu wakakataa kunawa tena. Kile kipande cha mwisho, cha sebule baada ya hotuba, hakukicheza mbele ya watu; alimpa mkewe peke yake, pamoja na hedifoni, akatoka nje akafunga mlango. Mkewe alipotoka humo alimwambia kwamba hakuna haja ya hotuba, na kwamba taa ya mezani wataibadilisha.

Sauti ilirudi baadaye, lakini nyingine. Ni ya chini na ina ukungu, na wajukuu wameshagundua kwamba ukiwa uani unaweza kudai hukuisikia. Mwalimu Kengele hakulia juu ya hilo. Aliagiza ile sauti yake iwekwe kwenye simu, akanunua spika ndogo akaiweka dirishani, na saa ya chakula ikifika anabonyeza. Mtaa mzima hunawa mikono.

Juzi spika hiyo ilianza kukwaruza. Alimpigia mkwewe simu yeye mwenyewe, kwa sauti yake mpya. "Mwanangu," alisema, "njoo unisikilizie kitu." Masikio alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya mama kukata.

Alipofika alianza mdomoni kama kawaida, akafuata waya, akainamisha kichwa, na akaomba radhi kwamba itabidi azime friji kidogo. Mama mkwe akamwambia azime. Akaziweka funguo juu ya kifuniko cha sufuria. Kazi ilikuwa ndefu, na katikati yake Mwalimu Kengele alikwenda jikoni kunywa maji, akafungua friji, akaifunga. Masikio alipomaliza alikwenda akapapasa gizani, na funguo zilikuwa pale pale, zimepoa, hakuna aliyezigusa.